Kuchuma zabibu mwitu ughaibuni

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Niko Minnesota, Marekani, na wanangu watatu. Tangu niachishwe kazi, mwezi wa nane na wa tisa huchuma zabibu mwitu kando ya mto nikawakamulia watoto juisi. Ndugu mmoja msikitini akaniambia nisihangaike na za porini, niingie hata nyuani mwa watu, kwani mali ya kafiri haina hurma, yaani si haramu kuichukua. Nikachuma ndoo nzima kwenye uzio wa bibi mmoja jirani. Tangu siku hiyo moyo haujatulia.

JIBU: Wa alaykumus salaam, dada yangu. Swali lako limeniumiza. Mtu amekuona na dhiki, badala ya kukupa unga akakupa fatwa.

Za mtoni ni halali. Kilichoota chenyewe pasipo na mwenyewe ni cha aliyetangulia kukichuma. Mbuga za jimbo lenu huruhusu matunda kwa matumizi ya nyumbani, si ya kuuza. Lishike sharti hilo.

Ama kauli ya ndugu huyo ni batili. Yeye aliingiaje Marekani? Kwa viza, na viza ni ahadi ya amani: wenyeji wamekuaminisha, nao wako katika amani kwako. Imam Shafi'i, ambaye wengi wetu tunafuata madhehebu yake, amesema aliyeingia kwa amani hata katika nchi iliyo vitani na Waislamu, si halali kwake kuchukua chochote katika mali yao, kidogo wala kingi. Na Mughira bin Shu'ba (r.a.) alipokuja kusilimu, akiwa amewaua wenzake washirikina na kuchukua mali yao, Mtume (s.a.w.) aliukubali Uislamu wake, akasema kuhusu mali ile kwamba yeye hahusiki nayo kabisa. Hadithi hiyo imo katika Bukhari. Ikiwa mali ya washirikina wa zama zile ilikataliwa kwa sababu ya khiyana, itakuwaje zabibu za kikongwe asiyekudhuru kwa lolote?

Basi mwendee bibi huyo. Mwambie ulichochuma, mwombe radhi, umlipe akitaka. Kama Kiingereza kinakupa tabu, nenda na mwanao mkubwa akutafsirie.

Juisi wanywe ingali mbichi. Mtume (s.a.w.) alikuwa akilowekewa zabibu kavu, akinywa hadi jioni ya siku ya tatu, baada ya hapo hakunywa. Ukiona inachemka povu bila moto, imeanza kuwa kileo; imwage. Na huko kuna mmea wa kutambaa unaofanana na mzabibu mwitu, nao una sumu. Pasua tunda kabla hujalitia ndooni: la sumu lina kokwa moja bapa iliyopinda kama hilali, na mmea wake hauna vikono vya kujisokota.

Jambo la mwisho. Mama asiye na kazi wala akiba, mwenye watoto watatu, ni katika wanaostahiki zaka. Mweleze imamu wa msikiti wenu hali yako Ijumaa hii, wala usingoje Ramadhani.