Mama jirani amerudisha pesa yangu, bomba nalipitisha wapi?

*Shangazi, shikamoo. Najenga apatimenti sita za kupangisha huku Goba, kiwanja kiko kwenye mteremko. Fundi amepanga maji yote, ya vyooni na ya mvua, yashuke kwa bomba la inchi sita kupitia pembeni mwa kiwanja cha mama wa chini yangu hadi kwenye mtaro wa barabarani. Nilimpelekea laki tano, akairudisha. Anasema nisubiri aongee na wanawe. Ni mjane, mtu mzima, na tulikuwa tunaelewana, ingawa masika iliyopita udongo wangu uliingia kidogo kwenye banda lake la kuku. Fundi ananishauri tuchimbe usiku, likishafukiwa nani atalifukua? Mkopo wa benki unanibana. Nifanyeje?*
*Mjenzi, Goba*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako inahusu bomba, lakini mimi nimekwama kwenye banda la kuku. Umesema udongo uliingia "kidogo". Kifusi cha msingi wa apatimenti sita, kikiachwa juu ya mteremko mwezi wa nne, hakishuki kidogo. Ulikwenda kumpa pole? Hujasema, na mtu aliyekwenda huwa anasema. Basi yule mama kakaa na tope lake miezi yote hiyo, siku moja unamtokea na bahasha. Ningekuwa mimi ningeirudisha pia, tena bila kukukaribisha kiti.

Kwa hiyo anza na banda. Nenda na kibarua, koleo na toroli, mzoe udongo wote, na kama mbao zimeoza nunua mpya. Siku hiyo bomba usilitaje kabisa. Akilitaja yeye, mwambie mtaongea siku nyingine. Kisha jenga ukuta mdogo wa mawe upande wako, masika ijayo isije ikakuumbua tena.

Sasa huyo fundi wako. Maji ya choo na maji ya mvua kayatia bomba moja na kuyaelekeza kwenye mtaro wa barabarani. Kumwaga maji taka kwenye mtaro wa mvua ni kosa, mwanangu, na mama akikataa anakuokoa na faini. Ya vyooni yabaki kwako: karo, yaani tangi la maji taka la chini ya ardhi, lenye shimo la kunyonya, na njia ya kuingia gari la maji taka. Kabla ya kuchimba shimo hilo, mwaga maji kwenye kishimo cha majaribio uone ardhi yako inakunywa kwa kasi gani.

Ya mvua tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati lako likiwa mita za mraba 300, mvua ya milimita 50 inakupa lita 15,000. Matangi matatu ya lita 5,000 yakiwa matupu yatayapokea yote, na wapangaji watakushukuru siku maji ya DAWASA yakikatika. Kinachobaki cha kumwomba jirani ni njia ya maji yanayofurika tu. Hilo ni ombi jingine kabisa, na mama anaweza kulisikiliza.

La wanawe usilichukulie kama danadana. Mume amefariki. Je, hati imeshahamishwa, au bado ina jina la marehemu? Kama bado ina jina la marehemu, wa kutia saini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ukikimbilia saini ya mama peke yake, kesho mtoto mmojawapo atakuja kukusimamishia kazi, naye atakuwa na haki. Uliza kwa adabu nani anasimamia.

Mkikaa wote, pigilia vigingi na kamba kiwanjani ili waone kwa macho bomba linapita wapi. Pengine mama anataka kujenga chumba pale pale. Chemba za kuzibulia ziwe kwako na barabarani, uani kwake pasiwe na hata moja. Halafu mpe kitu ambacho bahasha haikumpa: tundu kwenye bomba hilo, ili na maji ya uani kwake yatokee humo. Fidia izungumzwe mwishoni, na wataje wao kwanza.

Mkikubaliana, andikeni mbele ya mwanasheria: upana wa njia, nani anatengeneza likipasuka, mafundi waingie kwa taarifa gani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya kiwanja kimoja kutumia sehemu ya kingine, nayo husajiliwa. Bila hivyo, kiwanja chake kikiuzwa unaanza upya na mtu usiyemjua.

Wakikataa, pitia serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 baraza hilo linapatanisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 unaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila ukifika huko umechimba usiku, utakuwa mvamizi mwenye wapangaji sita na bomba linalofukuliwa. Benki nayo itataka rejesho lake mwezi huo huo.

Wanawe wakija, waombe waje na hati, nawe uwe na mchoro. Fundi mwache nyumbani.