Paka mashavu blashi, au paka blashi mashavuni?

Swali: Nina saluni Ujiji, Kigoma, na nafundisha wasichana wawili kupamba maharusi. Nimebandika karatasi karibu na kioo: "Paka blashi kwenye mashavu yake, halafu pakaza lipstiki kwenye midomo yake, hakikisha vinamechi." Mwenzangu anasema ilipaswa kuwa "paka mashavu blashi", na kwamba "vinamechi" si Kiswahili. Nani yuko sahihi?

Jibu: Dada yangu wa Ujiji, kwa hilo la kwanza nyote wawili mko sahihi, ila hamsemi jambo moja. Kitenzi paka hubeba vitu viwili, rangi na mahali inapokwenda, na chochote kati ya hivyo chaweza kukaa karibu nacho. Fundi hupaka ukuta rangi. Hupaka pia rangi ukutani. Ukiupaka ukuta rangi, tunatarajia ukuta wote umeenea. Ukipaka rangi ukutani, pengine ni doa tu. Sasa tazama uso wa bibi harusi. Blashi haijazi shavu zima, kwa hiyo "paka blashi mashavuni" ndiyo inayofaa. Mdomo tunataka uenee wote, wa juu na wa chini, basi "paka mdomo rangi".

Kinachonisumbua zaidi kwenye karatasi yako ni hizo "mashavu yake" na "midomo yake". Mswahili aliyeumia hasemi "umekanyaga mguu wangu". Husema "umenikanyaga mguu". Mwenye kiungo huingia ndani ya kitenzi. Tunasema "usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa", na huyo anayepakwa yumo kwenye -ni-. Kwa hiyo andika "mpake": mpake blashi mashavuni, mpake mdomo rangi. Wala usiandike "mpakie", maana wasichana watafikiri bibi harusi anapakiwa garini.

Pakaza liondoe kabisa. Kupakaza ni kupaka ovyo, kusambaza hadi pasipohusika, na kumpakazia mtu ni kumsingizia. Lipstiki iliyopakazwa ni ile iliyofika kidevuni.

Lipstiki na blashi zenyewe sina ugomvi nazo, zimeshakuwa maneno yetu, ingawa "rangi ya mdomo" inaeleweka hata kwa bibi aliyemsindikiza mwari. Zote ziko ngeli ya i-/zi-, kwa hiyo ni zi-, si vi-.

Kuhusu kumechi, vijana wanalisema na tunawaelewa, lakini tuna neno ambalo nalipenda sana: kuchukuana. Sokoni Mwanga niliwahi kumsikia mama akiweka kanga juu ya blauzi, akaitazama kidogo, akairudisha kwa muuzaji: "Hazichukuani." Hakuhitaji kueleza zaidi. Kuendana nalo linafaa, ila kuchukuana linasema kila rangi inaibeba mwenzake. Mdomo wa damu ya mzee unachukuana na blashi ya zambarau au ya waridi iliyokolea. Mdomo mwekundu unaoelekea rangi ya mawese unataka blashi ya machungwa. Na kwa ngozi nyeusi waambie wasichana wachague blashi iliyokolea, kwa sababu iliyopauka humwacha mtu kama amepakwa vumbi.

Ningeandika hivi:

"Mpake bibi harusi blashi mashavuni, pale nyama inapoinuka akicheka, ukiivuta kidogo kidogo kuelekea sikioni. Blashi ya unga ipakwe baada ya poda, ya krimu kabla yake. Halafu mpake mdomo rangi, ukianzia katikati kwenda pembeni. Rangi zichukuane."