Kabla Hujanunua Mashine, Zunguka Nyuma ya Kiwanda

Kiwanda cha kwanza cha chai nilichofanyia kazi, milimani upande wa Fort Portal, magharibi mwa Uganda, kilikuwa na mtaro wa zege nyuma ya ukuta. Alfajiri mtaro ule ulifuka kama sufuria ya matoke. Akina mama wa kambi ya wachuma chai walikuja na ndoo na madebe, wakachota maji moto, wakafua, wakaogesha watoto kabla ya kwenda shambani. Wiki mbili nzima nilidhani ni ukarimu wa kampuni. Wiki ya tatu ndipo nilipoufuata mtaro hadi mwanzo wake, nikaishia kwenye bomba lililotoka chumba cha kukaushia chai.

Mimi ni fundi wa boila, yale matanki ya kuchemshia maji yawe mvuke wa kuendeshea kiwanda. Nimekulia Tororo, kwenye kota za reli, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kila mlango, na tangu hapo nimezunguka kwenye chai, maziwa na mafuta ya kula. Wenye viwanda huniita wakitaka kujua wanunue nini ili gharama ya kuni au umeme ishuke. Jibu langu huwaudhi: mwezi huu usinunue kitu. Tuzunguke kwanza.

Turudi kwenye mtaro. Mvuke wenye presha ya bar 7 una joto la digrii 170 hivi. Ukifika kwenye redieta, yale mabomba yanayopasha hewa ya kukaushia majani, unaacha sehemu kubwa ya joto lake na kugeuka maji, ila maji hayo yanapotoka bado yamebeba karibu robo ya joto lote lililokuwa ndani ya mvuke. Isitoshe ni maji safi, yamekwisha kulainishwa, na dawa zake zimekwisha kulipiwa. Sisi tulikuwa tunayamwaga, kisha tunavuta mengine ya baridi kutoka mtoni na kuanza upya.

Hesabu yake haihitaji kompyuta. Chukua boila inayotoa tani 3 za mvuke kwa saa na kula kuni kama tani moja kwa saa. Mafundi tuna kanuni ya mkononi: kila digrii 6 unazoongeza kwenye maji ya kulisha boila, unaokoa karibu asilimia 1 ya kuni. Ukiyatoa kwenye digrii 25 ukayafikisha 85, hiyo ni kama asilimia 10. Kiwanda kikifanya kazi saa 20, rundo lako limebaki na tani 2 za kuni ambazo jana zingeungua. Vifaa? Bomba la kurudishia, tangi, pampu ndogo, na blanketi la kulivika tangi.

Sasa niseme nilipoharibu. Tulirudisha yale maji, tangi likapanda hadi digrii 90 na kitu, nikajiona bingwa. Usiku wa pili pampu ya kulisha boila ikaanza kupiga kelele kama inasaga kokoto, maji yakashuka kwenye kioo cha kuonyesha kina cha maji ya boila, king'ora kikalia, chai yote iliyokuwa kwenye mashine ikaharibika. Mzee wa tanuri, ambaye kila mtu alimwita kwa empaako yake, jina la heshima, kama adabu ya Toro inavyotaka, alinitazama akasema tu, "Fundi, maji yako yamekuwa moto kupita akili." Alikuwa sahihi kabisa. Maji yanayokaribia kuchemka, pampu ikiyavuta presha inashuka, na yanageuka mvuke humo humo tumboni mwa pampu. Kule juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye digrii 95 tu, si 100. Kitabu cha pampu nilikisoma kana kwamba tuko Mombasa. Dawa yake ilikuwa kuliinua tangi mita nne juu ya pampu, uzito wa maji wenyewe uyasukume kuingia. Tangu siku hiyo nikifika kiwandani naangalia tangi liko wapi kabla sijafungua mdomo.

Kuna jambo la pili linalokwenda pamoja na hilo: trapu za mvuke. Ni vile vidude vidogo mwisho wa kila redieta vinavyopitisha maji na kuuzuia mvuke. Trapu ikikwama wazi, mvuke mzima mzima unapita bila kufanya kazi, na hakuna atakayejua, kwa sababu chai inakauka kama kawaida. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha yake kwenye trapu na mpini sikioni. Nzima hubofya na kunyamaza. Mbovu huvuma bila kupumzika. Jumamosi moja nilisikiliza trapu zote za kiwanda kimoja nikakuta karibu theluthi zinavuma.

Kuni ndizo zinazoleta ubishi. Viwanda vingi vya chai hapa vinachoma mikalitusi, na utasikia watu wakisema kilo ya kuni kavu ina joto karibu mara mbili ya kilo ya kuni mbichi. Ni kweli, lakini usidanganyike. Gogo lile lile likikauka linapungua uzito, kwa hiyo faida halisi kwa kila gogo ni kama moja ya tisa hivi, pamoja na moto safi na masizi machache. Mimi sibezi moja ya tisa. Ila pigo kubwa liko kwenye mzani: ukinunua kuni kwa kilo, na nusu ya kilo hiyo ni maji, umemlipa mwenye lori pesa za maji. Nunua kwa ujazo wa rundo, au punguza bei kadiri ya ubichi. Kisha pasua magogo, yapange yakipishana upepo upite, yakae chini ya paa miezi kadhaa. Paa ndilo neno. Nimeona kiwanda kikikausha kuni vizuri Januari na Februari, halafu mvua za Machi zikazilowesha zote kwa siku tatu. Mabati yalikuwepo stoo.

Mabomba yaliyo uchi sitayasemea sana. Bomba la inchi nne lenye mvuke wa bar 7, bila kuvikwa, linapoteza zaidi ya nusu kilowati kila mita. Mita mbili ni kama pasi ya umeme imewashwa usiku na mchana ikipasha hewa. Watu huvika bomba, wakaacha vali na maungio kwa sababu yana umbo gumu. Shona koti la turubai linalostahimili moto, lenye kamba, fundi aweze kulivua akitaka kufungua.

Dohani nayo: funga kipimajoto kwenye njia ya moshi na uandike namba kila zamu. Siku ya kwanza baada ya kusugua mirija ndiyo kipimo chako. Moshi ukipanda digrii 20 juu ya hapo, umepoteza kama asilimia 1 ya kuni, na masizi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Mshukiwa wa pili ni mlango wa tanuri unaoachwa wazi vijana wakipiga soga, hewa baridi inaingia, inapashwa, inatoka juu.

Hapo ndipo, baada ya yote hayo, ninakubali kuzungumzia ekonomaiza, ule mtambo wa kukamata joto la moshi na kulipeleka kwenye maji. Ni kitu kizuri. Lakini nimeona umefungwa kwenye boila ya mafuta mazito, wakaupoza moshi mno, tindikali ya salfa ikaganda kwenye mirija na kuitoboa mapema. Kuni zina salfa kidogo, kwa hiyo huko nafasi ni pana zaidi, ila majivu yanaziba. Panga mlango wa kusafishia tangu mwanzo.

Nikitaka kumshawishi mkurugenzi mgumu, namwambia aende Mbarara akaone kiwanda cha maziwa. Maziwa yanaingia yakiwa digrii 4, yanapashwa hadi 72 kwa sekunde 15, yanapozwa tena. Yale yanayotoka yakiwa moto yanapita ubavuni mwa yale yanayoingia baridi, bati nyembamba katikati, na sehemu kubwa mno ya joto inarudi yenyewe. Hakuna anayeliita jambo hilo mradi wa nishati. Au aende kiwanda cha sukari cha Kakira, ambako makapi ya miwa yanachomwa kutoa mvuke, mvuke unazungusha jenereta kwanza, kisha huo huo unachemsha juisi ya miwa, na umeme unaobaki unauzwa kwenye gridi.

Umeme? Jumapili mashine zikizimwa, washa kompresa, mashine ya kushindilia hewa, peke yake, pita na povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba ya hewa. Tundu la milimita 3 kwenye bar 7 linakula kama kilowati 4 za kompresa. Kazi hiyo haina sifa, kwa hiyo haifanywi.

Narudi kwa akina mama wa mtaroni. Tulipofunga bomba la kurudishia, asubuhi walikuta mtaro mkavu. Hawakugomba, walisimama tu na ndoo zao. Nikaenda kwa meneja na karatasi: ndoo 40 za lita 20 ni lita 800, na sisi tunarudisha hadi lita 60,000 kwa siku. Alisoma, akauliza nani atahakikisha hazizidi 40. Tukaweka bomba moja nje ya ukuta, likiwa limechanganywa na la maji baridi ili mtu asiungue, na kibao cha kusema hayanyweki. Ufunguo anao mzee wa tanuri.