Maswali ya Wasomaji: "Mr. Moto" Bila Mwangwi

SWALI: Bendi yetu hapa Uyole, Mbeya, inajaribu "Mr. Moto", wimbo wa surf usio na waimbaji, wa bendi ya Kimarekani The Belairs. Gitaa nimelichomeka moja kwa moja kwenye mixa ya ukumbi na kuweka mwangwi mwingi, lakini linalia kama limo ndani ya pipa. Ninunue kile kisanduku cha springi cha Fender, cha kutengeneza mwangwi?
Mpiga solo, Uyole

JIBU: Usinunue. Wimbo huo ulitoka mwaka 1961 na magitaa yake ni makavu. Kuhusu mwangwi wenyewe, wapiga gitaa wawili wa Belairs hawakuelewana: Eddie Bertrand aliutaka, Paul Johnson hakuutaka. Mwaka 1963 wakaachana, Bertrand akaunda Eddie and the Showmen. Muziki wa surf ukizungumzwa, mpiga gitaa Dick Dale ndiye anayetajwa kila mahali, na Johnson anasahaulika, jambo ambalo si haki.

Msikilize Johnson. Gitaa lake, lile la ridhimu, halikai nyuma kukung'uta kodi (chords) tu. Linajibizana na solo. Mpiga ridhimu wa dansi atalielewa haraka kuliko mtu wa rock. Fanyeni mazoezi ninyi wawili tu, bila ngoma, kwa mwendo wa nusu.

Pipa linatokana na mixa. Pikapu ya kawaida (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi za gitaa) ikiingia kwenye tundu la maikrofoni au la laini huelemewa, na sauti kali za juu hupotea. Weka katikati DI boksi, kisanduku kinacholinganisha gitaa na mixa, au tumia tundu lenye kitufe cha Hi-Z (cha kuchomekea gitaa) kama lipo. Zima mwangwi, chagua pikapu ya karibu na daraja, na uegemeze kiganja kidogo juu ya daraja unapopiga nyuzi za chini.

Kama umefunga nyuzi za 9 (unene wa uzi mwembamba kuliko yote, kwa elfu za inchi), ni laini mno kwa mapigo haya. Zikipigwa kwa nguvu sauti hupanda na kuyumba. Funga 11. Kama daraja lako ni la tremolo, lenye mkono wa kuyumbisha sauti, litainuka, hivyo kaza skrubu za springi za nyuma, nusu mzunguko kila mara, ukityuni upya. Wembamba wa mifereji ya nati, kile kipande kinachoshika nyuzi upande wa kichwa cha gitaa, nao husumbua: ukisikia "ting" unapotyuni, uzi umebanwa. Paka risasi ya penseli ndani ya mfereji.

Juni na Julai, fika ukumbini mapema. Gitaa lililotoka kwenye baridi likiingia penye joto, nyuzi hulegea na sauti hushuka. Tyuni baada ya dakika ishirini, si mlangoni.

Na kisanduku kile, ukikipata cha Marekani, ni cha volti 120. Kwenye umeme wetu wa 230 bila transfoma, kinaungua.