Mashavu yaliyobonyezwa na dawa: je, kuyajaza kwa sindano ni kubadilisha umbile?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mwanamume wa miaka 52, naishi Mombasa. Nilianza ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, mwaka 2005, na miaka ya mwanzo nilipewa mojawapo iitwayo stavudini. Leo virusi havionekani kwenye kipimo na nina nguvu zangu, ila mashavu yalibonyea na hayakurudi. Nikiingia msikitini nahisi kila mtu ananisoma usoni. Ndugu yangu aliye Dubai anasema huko uso hujazwa kwa sindano, wanaita fila, na rafiki yake mzima wa afya amejaziwa taya ili litoke pembe. Je, yajuzu kwangu? Na kwa huyo rafiki? Nitarajie nini, na udhu na swala vitakuwaje?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullah. Sifa njema zote ni za Allah.

Ndugu yetu, wewe na huyo rafiki mnaweza kuchomwa sindano ile ile, kwa daktari yule yule, na hukumu zenu zikawa mbali. Kinachoangaliwa ni kile kinachojazwa: shimo lililochimbwa na dawa, au uso uliokamilika ambao mwenyewe hakuupenda.

Ushahidi wa wanaokataza ni mzito. Katika Suratun Nisaa, aya ya 119, Shetani ameapa kuwaamrisha watu wabadilishe alichoumba Allah. Na katika hadithi ya Ibn Masuud, iliyo kwa Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wenye kuchora tatuu ngozini na wenye kutia mwanya wa meno kwa ajili ya uzuri. Hayo maneno "kwa ajili ya uzuri" ndiyo yaliyomfanya Imamu Nawawi aseme kuwa anayefanya kwa matibabu, au kwa dosari ya jino, hana ubaya. Tena kuna hadithi ya Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua siku ya Kulab, vita vya kabla ya Uislamu. Aliweka pua ya fedha ikanuka, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume, naye akaruhusiwa ili arudishiwe uso wake.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilipitisha azimio namba 173. Linaruhusu kurekebisha dosari iliyoletwa na ajali, moto au maradhi, na linakataza kubadilisha umbo la kawaida kwa kufuata matamanio. Hata mikunjo ya uzee limeitaja kwa jina: haiondolewi kwa upasuaji wala kwa sindano isipokuwa iwe ni ugonjwa, na kwa sharti la kusalimika na madhara.

Hali yako ni ugonjwa bila shaka yoyote. Stavudini huharibu viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli za mafuta, seli zikafa, na mashavu na vipanda vya uso vikabonyea. Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziiache dawa hiyo mwaka 2009 kwa sababu ya madhara kama haya. Ukibadilishiwa dawa mafuta hurudi polepole, mara nyingi nusunusu. Kwa hiyo kwako yajuzu. Zaidi ya hayo, uso huo unakutolea siri ambayo ni haki yako kuisitiri.

Rafiki hajakosa taya. Wapo wanaomtetea kwa hoja kuwa fila huisha, na kwamba katika wanazuoni wa zamani wamo walioweka katazo kwenye mabadiliko ya kudumu, wakatoa mfano wa wanja. Hoja hiyo siioni kuwa na nguvu hapa. Wanja huoshwa jioni, ilhali fila ya taya hukaa mwaka au zaidi, na vipimo vya MRI vimeikuta usoni baada ya miaka kadhaa. Nionavyo mimi, aache.

Sasa tuje kwenye unachopaswa kutarajia. Fila nyingi ni jeli ya asidi ya haialuroniki, ambayo siku hizi hutengenezwa kwa kuchachusha bakteria. Bomba moja lina takriban mililita 1, sehemu ya tano ya kijiko cha chai, kwa hiyo shimo kama lako halijai kwa bomba moja. Matokeo huonekana papo hapo na hukaa miezi 6 hadi 18. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ikikosewa huyeyushwa kwa kimeng'enya kiitwacho haialuronidesi.

Aina ya pili ni unga wa asidi ya polilaktiki, ulioidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa ajili ya watu wa hali yako hasa. Chupa ya miligramu 150 huchanganywa na maji safi ya sindano, mililita 5 au zaidi, na hauna kitu cha mnyama. Siku ya kwanza mashavu yatajaa, usifurahi mapema: hayo ni maji, yatanywea ndani ya siku chache. Unga huuchochea mwili ujenge kolajeni yake, yaani protini inayoishikilia ngozi, kazi ya wiki na miezi. Hesabu vikao 3 hadi 6, kila kimoja wiki 4 hadi 6 baada ya kingine, na matokeo ya kama miaka 2. Madaktari huagiza kukanda mashavu dakika 5, mara 5 kwa siku, kwa siku 5. Muislamu hana haja ya kengele ya kumkumbusha: akande baada ya kila swala ya faradhi. Asiyekanda, au aliyechanganyiwa unga mzito, huota vinundu chini ya ngozi, na hivyo haviyeyuki kwa haialuronidesi.

Fila zenye kolajeni ya mnyama uliza ni mnyama gani. Ya nguruwe usiikubali maadamu mbadala upo. Silikoni ya maji ikimbie kabisa. Haitoki, na huvimba hata baada ya miaka.

Uso wa mwanamume una ngozi nene na, penye ndevu, mishipa mingi ya damu, hivyo tarajia kuvilia damu zaidi, siku 7 hadi 10. Uvimbe huzidi siku ya pili. Daktari akijaza juu sana kwenye mfupa wa shavu utatoka na uso wa kike. Mwambie arudishe kilichopotea tu, na mpelekee picha yako ya kabla ya 2005. Ndevu huna haja ya kunyoa, husafishwa kwa dawa na kutenganishwa.

Usimfiche daktari hali yako. Ukiwa unameza ritonavir au kobisistati, dawa za kuzipa nguvu baadhi ya ARV, sindano ya triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi ambayo baadhi hutumia kutuliza vinundu, hubaki mwilini na kuvuruga homoni. Aspirini uliyoandikiwa usiiache bila ruhusa ya aliyekuandikia.

Hatari kubwa ni fila kuingia kwenye mshipa wa damu. Kwenye ngozi nyeusi weupe hauonekani upesi, kwa hiyo angalia maumivu yanayozidi kiasi, ngozi kuwa na madoa ya kijivu au zambarau kama wavu, au sehemu ukiibonyeza inachelewa kurudisha rangi. Macho yakififia ni hospitali saa hiyo hiyo. Ndiyo maana sharti la kusalimika na madhara halitimii saluni wala chumba cha hoteli. Awe daktari, tena anayeweka haialuronidesi karibu ikiwa anatumia jeli. Akipatikana mwanamume ndiye wa kutangulizwa.

Kuhusu ibada, nenda na udhu wako. Damu ya tundu la sindano haitengui udhu katika madhehebu ya Shafii. Ifute, na chembe iliyobaki imesamehewa. Ganzi ya ngozi haiondoi akili, basi nayo haitengui, ila krimu yake ifutwe yote isije ikazuia maji. Ukihitaji udhu mpya, mimina maji usoni taratibu bila kusugua. Kusugua si nguzo kwetu, inatosha maji yapite. Sijda haigusi mashavu, basi sujudu kama kawaida. Kulala kifudifudi ndiko kwa kuepuka usiku wa kwanza na wa pili.

Ukiwa umefunga, sindano ya chini ya ngozi isiyo ya lishe haifunguzi, na azimio namba 93 la Baraza hilo hilo, Jeddah 1997, limesema hivyo. Hata hivyo panga baada ya Ramadhani, maana huenda ukahitaji dawa ya maumivu mchana. Na kabla ya kikao cha kwanza uliza bei ya chupa zote, si ya chupa moja, usije ukaanza kwa deni na kuishia njiani na shavu moja limejaa kuliko jingine.

Wallahu aalam.