Bandari ikigeuka mtaa: maswali yenu

Makala yangu kuhusu HafenCity, mtaa mpya uliojengwa Hamburg, Ujerumani, juu ya magati na maghala yaliyoachwa, imezaa maswali mengi. Marefu nimeyakata, yanayofanana nimeyaunganisha.

Kwa nini Itungi isifanywe kama Hamburg: hoteli, maghorofa na bustani ufukweni mwa Ziwa Nyasa? (Kyela)

Ndugu yangu, Hamburg hawakuua bandari ili wapate mtaa. Makontena yalipoingia, meli zikawa kubwa, zikataka kina kirefu na uwanja mpana wa shehena. Kazi ikahamia ng'ambo ya mto Elbe, magati ya karibu na katikati ya jiji yakabaki yanaota kutu. Itungi imesumbuliwa na mchanga na tope hadi meli zikahamia gati la Kiwira, lakini ziwa bado lina kazi: MV Njombe na MV Ruvuma hubeba tani 1,000 kila moja. Bandari iliyojaa mchanga inaweza kuchimbwa. Ukishaijengea hoteli juu, hairudi.

Halafu kuna maji. HafenCity iko nje ya tuta la kuzuia mafuriko, kwa hiyo barabara na majengo mapya vimeinuliwa hadi mita nane na zaidi juu ya usawa wa bahari. Wewe wa Kyela unajua Aprili mito inavyofanya. Tena Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo ile hoteli ya kuchovya miguu majini isahau.

Nimepata kiwanja kwa bei ya kutupa, zamani walikuwa wanatibu nguzo za umeme. Nijenge? Mke wangu anataka bustani ya mboga. (Mafinga)

Usipande hata sukuma wiki kwanza. Swali hili ndilo kiini cha miradi yote ya bandari, maana pale Hammarby Sjöstad, mtaa mwingine uliojengwa palipokuwa na bandari na viwanda huko Stockholm, Sweden, kabla ya paneli za jua na bustani zinazopigwa picha, kazi ilianza kwa kuchimba na kuondoa udongo uliojaa mafuta na metali nzito.

Nguzo zenye rangi ya kijani mara nyingi hutibiwa kwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Nyeusi zinazonuka lami ni kreosoti. Aseniki haiozi na haipeperuki. Miaka 30 haiitishi. Zungukia kiwanja utafute palipokuwa na mtungi wa dawa na sakafu ambako nguzo zilitolewa zikichuruzika. Hapo ndipo pabaya kuliko pote, na ndipo pa kuchukulia sampuli, pamoja na upande wa bondeni na maji ya kisima kama kipo. Usiridhike na kipimo cha rutuba, kile ni cha mbolea na hakitakwambia lolote kuhusu sumu. Nenda ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kanda yetu iko Mbeya, na uwaulize NEMC, baraza la taifa la mazingira, kama eneo lina kumbukumbu yoyote. Ikiwa bado hujamaliza malipo, acha hapo hapo. Bei ya kutupa huwa na sababu, na ya kwako ninaishuku.

Nimeona kwenye simu taka zinafyonzwa kwa mabomba chini ya ardhi. Jiji la Mbeya lingoje nini? (Uyole)

Ni kweli, Hammarby wanayo. Lakini mabomba yale yanataka umeme usiokatika na wakazi wanaotenganisha taka kabla ya kutupa. Kizimba cha sokoni kwako kimejaa maganda ya ndizi na viazi vilivyooza: hiyo ni mboji. Tuanze na hapo, gharama yake ni koleo na usimamizi.

Nyumba kwanza au usafiri kwanza? (Iringa)

Usafiri. Treni ya mtaani ilifika Hammarby mwaka 2002, mtaa ukiwa bado unajengwa. Mtu akishanunua gari humtoi tena.

Mimi ni mama lishe. Eneo likipendeza si tutafukuzwa? (Mwanjelwa)

Mama, hofu yako ina historia. Mwaka 1981 gati za mwisho za zamani mashariki mwa London zilifungwa, na serikali ikaunda shirika la kuvuta wawekezaji. Minara ya benki ikapanda Canary Wharf, na jirani zake walikuwa familia za wapakuaji wa meli wasio na ubavu wa kununua nyumba mpya. Hamburg walijifunza kidogo. Jiji lilikuwa limenunua ardhi kimya kimya kabla ya kutangaza mpango mwaka 1997, likawa na sauti: mjenzi wa nyumba hupimwa zaidi kwa mpango wake kuliko kwa bei, na katika sehemu za baadaye theluthi ya nyumba ni za kodi nafuu. Hata hivyo HafenCity si mtaa wa watu wa kipato cha chini, nisikudanganye.

Wewe fanya hivi: mkiitwa kwenye mkutano kuhusu mpango, nendeni wengi, na mdai orodha ya wafanyabiashara waliopo iandikwe kwa majina na kugongwa mhuri kabla ya mabati kuzungushwa. Mbaki na nakala. Ahadi ya mdomo ya "mtarudishwa" haina namba ya meza.