Barua kwa mwanangu anayechora miji

Mwanangu,

Baada ya salamu, sisi hatujambo. Michoro yako miwili ya mji wa Armilla imefika kwenye simu ya nduguyo, maana yangu haifungui picha kubwa. Umeniuliza: ukichora mji uliousoma kitabuni, ufuate maneno ya mwandishi tu, au una ruhusa ya kujaza pale aliponyamaza?

Mimi nakuuliza maji yanaingilia wapi.

Usicheke. Najua Italo Calvino, yule mwandishi wa Italia, aliutia mji huo katika kitabu chake cha miji ya kubuni cha mwaka 1972, hauna kuta, hauna sakafu, hauna dari, ni mabomba matupu yaliyosimama na kutandaa hewani, na wanawake wanaoga huko juu. Lakini mtoto wa Mombasa, aliyekesha akisubiri mfereji ukohoe saa nane usiku, anachoraje bomba akaliacha linaning'inia? Sisi kuta tunazo na mabomba tunayo. Maji ndiyo ya kubuni.

Hili la maji nimelirithi kwa bibi yako. Kisa chake unakijua nusu, kwa sababu nusu nyingine huwa nairuka. Nilipokuwa sekondari nilichora jumba la Pate, mji wa kale kule visiwa vya Lamu, kutoka katika utenzi wa Al-Inkishafi. Bibi yako alikuwa akizighani beti zile jioni, nami naliona jumba lenyewe: taa zinawaka, watu wamejaa, kisha beti chache mbele ndege wamelalia madaka ya vyombo, mende wanavuma, nyenje wanalia ukumbini. Nikayachora yote mawili kwenye karatasi moja, huku taa, huku magofu. Mwalimu wa sanaa akaiinua mbele ya darasa zima. "Pate umefika lini?" Sikuwa nimefika. Akasema basi huo ni uongo, akanirudisha kuchora jagi juu ya meza kama wenzangu. Jagi lile naweza kulichora hata sasa nimefumba macho, na silitaki.

Nyumbani nikampa bibi yako karatasi, machozi hayajakauka. Yeye nyumba za mawe za Lamu alizijua kwa kuzifagia, daka la mlangoni, kiwanda yaani ua wa katikati, msana yaani ukumbi mrefu, hadi ndani. Akaigeuza karatasi huku na huku, akauliza, "Choo kiko wapi? Matajiri wote hawa hawatawadhi?" Akaniwekea kidole penye birika, lile tangi la maji la chooni. Nikachora birika. Akataka na bakuli la China ndani yake, sakafuni, na visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Mshairi hakutaja visamaki! Lakini bibi yako alipoviona alicheka, akaanza kunitajia nani alikuwa akilala chumba kipi, na usiku ule hatukupika.

Kwa hiyo jaza? Ngoja kwanza. Georg Braun na Frans Hogenberg walipotoa kitabu chao cha miji ya dunia kule Köln mwaka 1572, waliitia Kilwa na wakaitia Mombasa, na pwani hii walikuwa wakiijua kwa habari za watu tu. Naitazama Mombasa yao, siitambui, wala sioni pa kuteka maji. Hapo mwalimu wangu anapata haki kidogo, na inaniudhi kumpa.

Basi ufuate maneno. Haya, Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa kwa miguu yake mwaka 1331, akaandika kuwa mji mzima umejengwa kwa mti. Ukimfuata neno kwa neno, Husuni Kubwa utaiweka wapi? Ni jumba la mawe la karne hiyohiyo, na magofu yake yapo hadi leo juu ya bahari. Mimi nasema mawe yalikuwa ya wakubwa na mti wa walio wengi, msafiri akawaandika wengi. Lakini hilo nalo ni kujaza, sivyo?

Tena Pate ina wenyewe, wanaweza kukuuliza choo. Armilla haina mtu wa kuja kukushitaki. Labda ndiyo sababu inakusumbua zaidi.

Mchoro wa kwanza umemtii Calvino, mabomba yamenyooka, hakuna la kumlaumu mtu. Wa pili umemtia mwanamke mwenye debe chini ya mfereji, ambaye kitabuni hayumo. Wa kwanza ni msafi mno. Huo wa pili... hapana. Wewe uliuliza kanuni, hukuuliza mimi napenda upi, na sitaki kuwa mtu wa jagi. Ila huyo mama mwenye debe anajua kusubiri. Nimenyamaza.

Nduguyo anashikilia wa kwanza. Mbishane wenyewe.

Sasa niletee Ersilia, ule mji wa nyuzi zinazofungwa kutoka nyumba hadi nyumba kuonyesha nani ana uhusiano gani na nani. Na ukishaumaliza, nifungie uzi mmoja mweusi kutoka mlangoni kwetu hadi kwa shangazi yako. Sababu unaijua.

Mamako